Sanamu Iliyovunjika Dukani kwa Mama Kokila

Nasike alikuwa fundi cherehani katika duka la vitambaa la Mama Kokila, mjini Kitale. Kila asubuhi Mama Kokila aliwasha taa ndogo ya samli mbele ya sanamu zake na picha zilizotundikwa ukutani, akaomba, kisha wakaanza kazi. Kwa miaka sita walikuwa wakicheka na kutaniana kama mtu na shangazi yake. Lakini kuhusu zile sanamu, Nasike hakuwahi kuuliza neno.

Jumatatu moja alikuwa peke yake dukani akipangusa vumbi. Kiwiko chake kikagonga sanamu ya udongo ya Ganesha, mwenye kichwa cha ndovu. Ikaanguka, mkonga ukavunjika. Nasike aliifunika kwa kitambaa, akarudi kwenye cherehani.

Jioni alimkuta mtoto wake, Joan, mwili unachemka.

"Ni hiyo kitu!" alisema Hesbon, mume wake, aliposikia habari ya sanamu. "Imetulaani. Kesho usirudi huko."

Lakini asubuhi Nasike alirudi, Joan mgongoni. Aliifunua sanamu mbele ya Mama Kokila.

"Mama, ni mimi niliivunja. Tafadhali, mwambie mungu wako asiniulie mtoto."

Mama Kokila hakuitazama sanamu. Aligusa shingo ya Joan.

"Huyu anachomeka! Twende hospitali sasa hivi."

Akafunga duka. Hospitalini Joan alipimwa damu, akapatikana na malaria. Walipokuwa wakingoja dawa, Mama Kokila alimshika Nasike mkono.

"Ni udongo umevunjika, Nasike. Mungu hajavunjika."

"Mungu yupi, mama? Si nyinyi mko na wengi?"

"Wahindu hatufikirii sawa wote. Lakini wengi wetu tunaamini Mungu ni mmoja, hana mwanzo wala mwisho. Yuko kila mahali, hata ndani yako na ndani ya Joan. Tunamwita Brahman. Sasa, mkubwa hivyo utamwongelesha aje? Ndiyo maana tunampa majina mengi na sura nyingi. Ganesha ni yeye akituondolea vizuizi. Lakshmi ni yeye akituletea baraka."

"Na sanamu?"

"Tunamkaribisha hapo, tumwone kwa macho, tumpende. Kwa hivyo naiheshimu sana. Hii iliyovunjika nitaiweka mtoni, udongo urudi kuwa udongo. Halafu nitatafuta ingine."

"Na laana?"

"Mungu alaani mtoto juu ya kiwiko cha mama yake? Huyo ni Mungu gani, bana?"

Nasike alicheka huku machozi yakimtoka.

Kufikia Ijumaa Joan alikuwa anakimbiza kuku uani. Jumamosi Hesbon alikuja dukani mwenyewe, amebeba gunia dogo la mahindi mabichi.

"Mama, asante kwa mtoto. Na nilisema vibaya, unisamehe." Akaziangalia picha ukutani. "Lakini wacha niulize. Huyo Mungu mwenyewe anafanana aje?"

Mama Kokila akakuna kichwa.

"Hiyo, Baba Joan, hata mimi sijui. Ningejua, ningeweka picha moja tu."

Hesbon aliangua kicheko. Akavuta kiti, akauliza swali la pili.