Kanda ya Mzee Nishio

Haya yalimpata rafiki yangu Kuwabara, fundi wa Osaka anayesafisha kanda za matamasha ya roki ya zamani, zile ambazo mashabiki walizirekodi kwa kificho ukumbini. Asubuhi moja alichukua kanda ya mwaka 1973 kwa mjane aitwaye Nishio, aliyetamani kulisikia tena tamasha ambalo marehemu mumewe alilirekodi.

Kuwabara alivaa hedifoni, akapunguza shangwe, kisha mvumo wa ukumbi. Chini ya gitaa akasikia mtu akitafuna mdomo wazi, mate yakilia chwa, chwa. Akampigia mjane simu.

"Mama, mzee alikuwa anakula nini pale?"

"Ale? Yule alibana hata pumzi, kanda isiharibike. Tena alikaa nyuma kabisa, peke yake."

Akarudi kusikiliza. Kila alipopunguza kelele nyingine, kutafuna kulisogea karibu zaidi. Akazima mashine. Kutafuna kukaendelea.

Akazivua hedifoni upesi, akapapasa sikio lake la kushoto. Lilikuwa limelowa ute mzito unaonuka, na ndani ya ute ule mlikuwa na punje za wali zilizotafunwa nusu.