Mama Furaha Aliuliza Kama Tatu Angebaki

Polisi wawili waliingia sebuleni kwangu Jumamosi saa tisa alasiri, marudio ya tamthilia yakiwa yanaendelea kwenye TV.

Mmoja alikuwa mwanamke. Alivua kofia, akasalimia vizuri tu.

"Elinami ni nani hapa?"

Mume wangu akasimama.

"Ni mimi."

"Tunakuhitaji kituoni. Ni ile ajali ya tarehe kumi na mbili mwezi uliopita, asubuhi, kule Ngaramtoni. Mzee aliyegongwa akipeleka maziwa kwa baiskeli, na dereva akakimbia."

Wapendwa, nawaapia, mpaka hapo sikuwa najua chochote. Lakini mdomo wangu ulishafunguka...

"Tarehe kumi na mbili alikuwa hapa. Amelala. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwamsha saa mbili."

Uongo mtupu. Hata siku yenyewe nilikuwa siikumbuki.

Yule polisi wa kike alinitazama.

"Mama Nice, acha," mume wangu akasema.

"Waambie wamekosea nyumba."

"Hawajakosea."

Akachukua sweta kwenye kiti, akatoka nao. Hakugeuka.

Kwenye TV Inspekta Kagosi alikuwa anamdanganya mke wake kwamba amechelewa kazini. Nikazima.

Sasa ngoja niwaambie mimi ni nani, kwa sababu wengine mnanifahamu bila kujua.

Naitwa Ndeshi. Nashona nguo Levolosi, naishi Olasiti, hapa Arusha. Nimeolewa na Elinami miaka kumi na sita, tuna binti mmoja, Nice, yuko bweni. Mume wangu anaendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Anabeba mbao, parachichi, makabati ya watu wanaohama, chochote.

Na kama mko kwenye lile grupu la Facebook la wapenzi wa tamthilia, mnanijua. Mimi ndiye yule Ndeshi Mitindo. Yule wa komenti kali.

Kwa ambao hamkuiangalia ile tamthilia, stori ni hii. Inspekta Kagosi anamgonga mtu na gari, anakimbia. Mke wake, Tatu, anagundua. Badala ya kusema, anaosha gari, anafua shati, anakaa kimya. Halafu kesi inapewa koplo msichana anayempenda Kagosi kimyakimya.

Hapo ndipo grupu likagawanyika.

Kuna waliosema Tatu ndiye mke wa kweli, mwanamke anasimama na mumewe. Kuna waliosema Kagosi hampendi Tatu, anamuogopa tu kwa sababu Tatu anaijua siri yake. Wengine walitaka aachane naye aende kwa koplo.

Mimi nilikuwa nawachana wote.

"Tatu na Kagosi lao moja. Anayeosha damu na aliyeimwaga, wote mahabusu."

Ile komenti ilipata laiki mia tisa. Nikaisoma kwa sauti, mume wangu amekaa pembeni yangu kwenye kochi na simu yake mkononi.

"Mia tisa, Baba Nice."

"Hongera," akasema.

Basi kwenye komenti zangu alikuwa anakuja mtu mmoja anaitwa Mama Furaha. Profaili yake picha ya ua. Hana matusi, hana mbwembwe, ni maswali tu. Na maswali yenyewe alikuwa ananiuliza mimi peke yangu.

"Dada Ndeshi, Kagosi akimwambia Tatu ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, Tatu atabaki?"

Nikajibu: "Abaki afanye nini? Mwanaume kaacha mtu barabarani kaja kulala kitandani kwangu? Mimi ningepiga simu polisi chai yake haijapoa."

"Hata kama wameishi vizuri miaka mingi?"

"Hata kama ni hamsini."

Siku tatu zikapita. Akarudi.

"Labda siku ile alishtuka tu dada. Labda miguu ilijiendea yenyewe."

"Mwambie huyo Kagosi wako miguu iliyokimbia ndiyo hiyohiyo ya kurudi nayo."

Laiki zikamiminika. Nikamsomea mume wangu tena.

"Kuna mama mmoja humu anamtetea Kagosi kama kaka yake."

"Labda anaogopa," akasema.

"Anaogopa nini? Ni tamthilia."

Akaenda kuangalia geti kama limefungwa.

Mara ya mwisho Mama Furaha aliuliza hivi: "Na akijipeleka mwenyewe?"

Nikaandika: "Hapo ningemheshimu. Lakini hajipeleki huyo, muoga."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi polisi wakaja.

Walipoondoka naye nilikaa kwenye kochi nikiwa na wazo moja tu kichwani. Nani kamchoma mume wangu kwa polisi?

Nikakumbuka kirikuu. Wiki tano nyuma taa ya mbele ilipasuka na bampa likaingia ndani. Aliniambia kagonga ng'ombe. Nilimpa pole, nikauliza kama ng'ombe alikufa. Akasema hajui.

Nikakumbuka na kingine. Wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya nyumba na dada yake, Anaeli. Wanaongea Kichaga kwa sauti ya chini, Anaeli analia. Waliponiona wakanyamaza. Nilidhani ni mambo ya shamba la kwao Machame.

Nikampigia.

"Wifi, kaka yako kachukuliwa na polisi."

Hakuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," akasema. "Aliniambia."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Umemuuza ndugu yako wa tumbo moja."

"Wifi, nisikilize..."

Nikakata.

Na hapa ndipo naona aibu kuwaandikia. Niliingia kwenye grupu. Nikaandika posti ndefu. Nikasema nimewasikia mkibishana kuhusu Tatu, sasa mimi ninaye msaliti wangu kwenye familia, dada anayempeleka kaka yake gerezani halafu Jumapili anasimama kwaya. Nikamtaja jina. Nikataja na shule ya chekechea anayofundisha.

Mnielewe, mimi niliyesema anayeficha naye akafungwe, nilikuwa namtukana mtu kwa kuwa hakuficha. Na wala sikuliona hilo. Hata mmoja kati yenu hakuliona pia. Mlimshukia Anaeli kama mvua. Mpaka jioni komenti zilikuwa zimefika elfu moja na kitu.

Jumapili mchana nikapeleka chakula kituoni. Wali, maharage, na maji. Tukapewa dakika chache, askari amesimama mlangoni.

Elinami alikuwa amekaa kwenye benchi. Alionekana amechoka, lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko wiki zote zile.

"Nimeshamjua aliyekuchoma," nikamwambia. "Nimemuanika. Dunia nzima inamjua."

"Nani?"

"Anaeli."

Akashika kichwa.

"Ndeshi, umefanya nini?"

Miaka kumi na sita ananiita Mama Nice. Aliposema Ndeshi nikajua kuna kitu.

"Anaeli hajampigia mtu yeyote," akasema. "Mimi ndiye niliyepiga simu polisi. Mimi mwenyewe."

"Wewe?"

"Nilijaribu kuja kwa miguu yangu mara mbili. Naishia pale kwenye kona, narudi. Jana nikaona bora niwapigie wanifuate. Nikishawapigia sina tena pa kugeukia."

"Na mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi kwanza? Anaeli kajua, mimi mkeo sijui?"

"Anaeli ndiye aliyekuwa analia nikuambie. Kila siku. Mwambie mkeo, mwambie mkeo."

"Sasa ikawaje?"

Akaangalia lile bakuli la wali bila kulifungua.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukanijibu."

"Uliniuliza lini?"

"Mama Furaha ni mimi."

Jamani...

Sikupiga kelele. Sikulia. Nikakaa pale chini kwenye sakafu ya kituo na kitenge changu.

"Nilifungua ile akaunti siku uliyopata laiki mia tisa," akasema. "Nilikuwa nimepanga nikuambie usiku ule. Ukanisomea. Nikaona hapana. Nikasema ngoja nimuulize kama mtu baki, nione kama kuna mahali atalegeza."

"Ilikuwa tamthilia, Baba Nice."

"Kwako."

"Ungeniambia ningefanya nini unadhani? Jana polisi wametaja tarehe tu, nimedanganya papo hapo. Hata sijui nadanganyia nini."

"Nilikuona," akasema. "Ndiyo maana nikakwambia acha. Kama ningejua utanificha namna ile, labda ningekuambia, na ungenificha, na yule mzee angebaki hajui nani alimgonga. Sijui ipi ni afadhali. Nimechoka kuwaza."

Askari akasema muda umeisha.

Njiani nikafuta ile posti. Haikusaidia. Watu walishapiga skrinishoti, zimezunguka mpaka kwenye magrupu ya wazazi wa ile shule. Mkuu wa shule alimwambia Anaeli apumzike nyumbani kwanza hadi mambo yatulie.

Nilienda kwake Sokoni One Jumatatu. Nilimkuta anafua.

"Wifi, nisamehe."

Aliendelea kusuuza.

"Nilisoma zote," akasema. "Kuna mmoja kaandika nife. Simjui, hanijui."

"Nimefuta."

"Umefuta kwako."

Nikachukua ndoo ya pili nikaanza kusuuza naye. Hakunifukuza. Tulianika nguo zote kimya, nikaondoka.

Mahakamani Elinami alikiri makosa yote mawili, la kugonga na la kukimbia. Amefungwa miezi minane.

Kabla ya hukumu aliniomba kitu kimoja, niende kumuona yule mzee. Nilienda. Anaitwa Mzee Lengai, anakaa juu ya Ngaramtoni, nyumba ya mabati yenye zizi pembeni. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia. Mguu wake wa kulia una vyuma. Binti yake, Nalepo, ndiye siku hizi anayekamua na kupeleka maziwa, anatembea, baiskeli iliisha palepale kwenye ajali.

Nilijitambulisha. Nalepo alisimama mlangoni akiwa na sufuria.

"Baba alilala pale kwenye ukungu zaidi ya saa nzima," akasema. "Alikuwa anasikia magari yanapita. Anaita, hawamuoni."

Nikasema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo, nililisikia.

Mzee akaniuliza, "Mumeo ndiye aliyejitaja mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini alichelewa?"

Wapendwa, nilikuwa na majibu ya kila swali kwenye lile grupu. Pale nilikuwa na moja tu. Nikamwambia ukweli.

"Alikuwa ananiogopa mimi."

Mzee akamwambia binti yake kitu kwa Kimaasai. Nalepo akaingia ndani, akaniletea kikombe cha chai ya maziwa. Nikanywa yote.

Sasa huwa naenda Jumamosi mbili kila mwezi. Namsaidia Nalepo kubeba madumu mpaka barabarani. Hatuongei sana. Anaeli amerudi kazini mwezi uliopita. Salamu yangu anaipokea, nyumbani kwangu bado haji. Simlaumu.

Na nyie mnaoniuliza inbox kwa nini siku hizi sikomenti, ndiyo hii sababu. Nimesikia Tatu kaachana na Kagosi. Nimesikia mnabishana kama alifanya vizuri. Bishaneni, ni haki yenu, TV ni ya kufurahia.

Ila nawaomba kitu kimoja. Ukimhukumu mtu wa kwenye TV, kuna mtu wa nyumbani kwako anakusikiliza. Anapima kama kosa lake linaweza kukaa mbele yako. Anaweza kuwa mumeo, mtoto wako, dada wa kazi. Hatakwambia kwamba anapima. Ataona jibu lako, atasema hongera, ataenda kuangalia geti.

Mimi wangu alinipa nafasi tatu. Zote nilizitumia kutafuta laiki.