Washika Funguo wa Kiwanda cha Sarafu

Wenzangu tulio ughaibuni, nimetembea nchi nyingi na macho yangu hayashtuki ovyo. Lakini siku Humphrey aliponitembeza kiwanda cha sarafu cha serikali, huku Woolwich, London, nilivua kofia kama niko ibadani. Vipande vya shaba vinaingia vitupu, mtambo unashuka mara moja tu, vinatoka vimevaa taji.

Mihuri ya chuma ya kugongea hulala kabatini, na kabati halifunguki mpaka watu wawili wazungushe funguo zao pamoja. Mmoja alikuwa Humphrey, wa pili rafiki yake Muhiddin, Mpemba mtaratibu. Kila Jumapili walikuwa mezani kwa Generosa, mke wa Humphrey, wakitaniana, watoto wakiwajibu kwa Kiingereza. Nyumba ilikuwa na amani.

Yakaja mageuzi. Mameneja wakabadilishwa, chama cha wafanyakazi kikagomba, ikatangazwa kwamba mshika funguo atabaki mmoja na kompyuta. Kila mtu aende interview. Hapo, ndugu zangu, ndipo shetani huomba kiti.

Generosa alimwonya mumewe, "Baba Nancy, jisemee wewe. Muhiddin muache."

"Nikikosa kazi, tukatolewa nyumba hii ya mkopo, utahamia kwa Muhiddin?"

Mbele ya wakubwa Humphrey akasema Muhiddin akienda kuswali huacha ufunguo wake. Na ilikuwa kweli.

"Huuacha wapi?" wakamuuliza.

"Kwangu."

Mtu mmoja kukaa na funguo zote mbili ndilo kosa kubwa kuliko yote pale, naye kalikiri kwa mdomo wake.

Wakamwita Muhiddin. Akasema kosa ni lake peke yake, mwenzake alimpokelea tu. Nimeona milima na nimeona vita, ila moyo wa namna ile bado unanitetemesha. Haikusaidia. Wote wawili walifukuzwa, na nyumba ya Generosa ikaenda.

Humphrey alimfuata Muhiddin kwake Lewisham kuomba radhi. Muhiddin akamtilia chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikukupa chuma, bwana," akasema. "Nilikupa amana."

Akamsindikiza hadi kituo cha basi, akampa mkono. Jumapili hakuja, wala zilizofuata.

FUNZO

Kazi ikigombaniwa, jieleze kwa juhudi zako, si kwa siri za mwenzako. Kazi nyingine hupatikana, hata ya kufagia. Lakini mtu wa kukuachia kilicho chake, akaenda kuswali bila kugeuka nyuma, nafasi yake haitangazwi popote.