Firigisi ya Lual

Ukumbi wa hoteli ile ya Lodwar ulijaa pomoni, feni zikizunguka bila kumpoza mtu. Wakuu wa kampuni za usafiri walikuwa wamekuja kutoka Nairobi na Eldoret kuzungumzia kesho ya usafiri. Walioketi mbele walisikia kila neno. Waendesha bodaboda walioketi nyuma walipiga makofi kwa kufuata wenzao tu, maana spika za upande wao zilikuwa zimekufa tangu asubuhi.

Nekesa alifika amechelewa. Alikuwa afisa wa mauzo wa kampuni ya pikipiki za umeme, msichana wa Bungoma mwenye ulimi mwepesi, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri mno kwa mtu aliyekuja kazini. Kiti kilichobaki kilikuwa kando ya kijana mrefu aliyefunga vifungo vya shati jeupe hadi shingoni. Jukwaani alikuwa akizungumza mkurugenzi wake Nekesa, mzee Kamande.

“Madam, samahani,” kijana alimnong’oneza. “Huyo mzee anasema nini?”

“Anasema jua la Turkana ndiyo petroli ya kesho. Sasa atasema watoto wetu watacheka wakisikia tulikuwa tunachoma mafuta ndio tufike sokoni.”

Mbele watu wakacheka.

“Umejuaje kabla aseme?”

“Hiyo hotuba niliandika mimi.”

Kijana akaangua kicheko hadi mlinzi akageuka. Jina lake lilikuwa Lual, mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa kambi ya Kakuma. Waliendelea kunong’onezana hotuba zote zilizobaki, Nekesa akimsomea kwenye makaratasi ya mkutano. Mureithi, kijana wa programu za simu, aliapa kwamba siku zijazo hakuna atakayemiliki gari, mtu ataliita tu kwa simu. Mama Jelagat, mwenye mabasi, alisema abiria hajawahi kutaka gari, anataka kufika, na kampuni itakayosahau hilo itaishia kuuza vyuma chakavu.

Wakati wa chai Lual alisema huyo mama ndiye aliyemgusa. Kisha akamweleza Nekesa, kwa sauti ya utani, kwamba yeye ni mkimbizi wa Sudan Kusini, hatoki Kakuma bila kibali, na kibali chake kinaisha kesho. Aliuliza kama pikipiki ya umeme nayo itasimamishwa kizuizini. Nekesa, ambaye safari ya Kakuma kwake ilikuwa suala la nauli tu, alichukua simu ya Lual. Akaandika humo namba yake.

Basi simu zikaanza. “Ejok, mrembo wa Lodwar,” Lual angemsalimia kwa Kiturkana, naye Nekesa angejibu, “Ejok nooi, mfalme wa bodaboda,” na chakula kingeungua jikoni. Walisimuliana juu ya abiria wakorofi, joto, mahubiri ya Jumapili na jinsi Nekesa alivyoogopa ng’e. Wiki zilipita hivyo, mpaka Lual akapata kibali kingine cha kuja mjini kwa mkutano wa kanisa.

Nekesa alimchinjia jogoo katika nyumba aliyopanga pale Lodwar. Alimpika kwa mchuzi mzito wa nyanya, akasonga ugali wa wimbi, na juu ya sahani ya Lual akaweka firigisi. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu utoto hakuwahi kuona mtu akiigusa ila baba yake.

Lual aliitazama sahani, akashukuru kwa heshima zote, akaomba maji. Alikunywa maji. Alizungumza vizuri, akacheka, akasifu mapazia, na chakula hakukigusa. Nekesa alipomhimiza alisema ameshiba. Mchuzi ukaganda mbele yao, na kibali kilipomlazimu kuondoka, aliaga kwa furaha kana kwamba mambo yamekwenda vizuri kabisa.

Nekesa alilia. Kuku alimpa jirani yake Bilha, ambaye hakuona sababu ya kumkataa, na katikati ya kutafuna Bilha akatoa hukumu yake kwamba mwanamume asiyekula kwako ama anakudharau ama anaogopa umemwekea dawa. Maneno hayo yalimchoma Nekesa kuliko sahani yenyewe.

Lual alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka ikapokelewa.

“Lual, kama chakula yangu ni chafu ungesema tu.”

“Chafu? Nekesa, mimi nilikuheshimu.”

Kwa aliyekwisha kuumia, hilo lilisikika kama kejeli. Akakata. Mwanamume mwingine angepanda gari siku hiyohiyo aje kuomba msamaha hata kwa kosa asilolijua. Lual alikwenda kuomba kibali, akaambiwa asubiri zamu yake. Akabaki Kakuma, amekaa juu ya pikipiki yenye tangi lililojaa, na hana pa kwenda.

Mzee Kamande, kwa wema wake, alimletea Nekesa habari mbili. Kulikuwa na nafasi ya cheo Nairobi. Pia kampuni ingefungua kituo cha kubadilishia betri Kakuma, na mtu wa kukisimamia alihitajika. Waende kwanza pamoja kukagua kiwanja, naye ajibu kabla hawajageuza gari. Nekesa alikwenda akiwa ameshaichagua Nairobi moyoni.

Baada ya kukagua, waendesha bodaboda waliwakaribisha kwa chakula katika hoteli ndogo ya Agot, binamu yake Lual. Mwenyekiti hakuweza kukosa. Aliwasalimia wote, macho yake yakagongana na ya Nekesa, kisha akachukua sahani yake na kupotea nyuma ya ua wa mabati. Nekesa alihisi kama amepigwa kofi mbele ya bosi.

“Mbona mwenyekiti anatukimbia?” aliuliza Kamande, ambaye alikuwa keshaanza mfupa wa pili.

Agot alicheka hadi akashika kiuno. “Hakimbii wewe, mzee. Kwetu mwanaume hakuli mbele ya msichana anataka kuoa. Ni aibu kubwa. Mimi dada yake, mbele yangu anakula kama fisi.” Akamgeukia Nekesa. “Kwako alikula?”

“Hata tonge.”

“Basi, dada yangu, huyo anakupenda vibaya.”

“Na atakula lini mbele yangu?”

“Akishakuwa bwana yako.”

Hasira ya wiki zile zote ilimtoka Nekesa, aibu ikachukua nafasi yake. Kisha akamwuliza Agot kama ana kuku, akaingia jikoni mwenyewe. Kamande aliombwa asubiri, akasubiri, akalala kwenye gari.

Lual alikuwa kivulini nyuma ya ua, akifuta pikipiki iliyokuwa safi tayari. Nekesa alikuja na sahani moja.

“Sasa najua kwa nini hukukula,” alisema. “Na wewe hujui kwa nini nililia. Hii firigisi, kwetu ni ya mwenye nyumba. Nilikupa, ukaacha ikapoa.”

Lual alisimama wima. “Sikujua, Nekesa. Wallahi sikujua.”

“Kamande anataka nihamie Nairobi, ama nisimamie kituo hapa. Anangoja jibu kwa gari.”

“Nairobi mimi siwezi kukufuata.”

“Najua. Wewe kuja kwangu ni kibali, mimi kuja kwako ni nauli tu. Basi mwenye kuja ni mimi.” Akaketi juu ya jerikani, akamwekea sahani mbele. “Nitakaa hapa nikikuangalia. Ukiacha, nitaelewa, na gari iko pale.”

“Nikila, unajua umekubali nini?”

“Agot ameniambia.”

“Na baba yako?”

“Utaongea naye. Lual, inapoa tena.”

Lual alinawa mikono polepole. Upande wa pili wa ua honi ya Kamande ililia, Nekesa hakugeuka. Kijana yule mrefu alichutama, akaichukua firigisi, akaitia mdomoni na kutafuna huku ameinamisha uso kwa haya, machozi yakimlengalenga. Alipomeza, akainua macho.

“Chumvi imezidi kidogo,” alisema.

Na hilo ndilo lililokuwa lalamiko la kwanza la mume ambalo Nekesa alilisikia.