Filomena wa Ruvuma

Rangi ilikataa kukauka. Siku ya tisa hiyo, na Albano alipogusa maji ya mto aliyoyachora, kidole kilitoka na tope jeusi lenye harufu ya matete yaliyooza.

Albano alikuwa Mmakonde aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Mreno, ambako watu walilimishwa pamba kwa viboko. Padri mmoja wa huko ndiye aliyemfundisha kuchora kwa rangi za mafuta. Mwaka huo wa hamsini na moja alikuwa akipaka makabati rangi kwa maseremala wa Keko, na Jumapili, chumbani mwake, alichora kwenye ubao mpana mateso ya watu wake hadi walipovuka Ruvuma.

"Wasije wakasahaulika," alimwambia mkewe Eufrazia, Mhaya wa Bukoba, asiyejua Kimakonde hata salamu.

Siku ya kumi, adhuhuri, nyuma ya ubao zikasikika nyayo zilizolowa. Chwa. Chwa.

Eufrazia akaacha kupepeta mchele. "Baba Jovina, umesikia?" alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani huyo aliyelowa?"

Hakungoja jibu. Aliinuka taratibu kama aliyeitwa, akaenda kusimama mbele ya picha, maji yakaanza kumchuruzika nyweleni hadi sakafuni ilhali nje jua lilikuwa likiunguza mabati, na alipofungua kinywa ikatoka sauti ambayo Albano hakuwa ameisikia kwa miaka sita, sauti ya Filomena, mkewe wa kwanza, ikisema Kimakonde safi, bila hasira, kama mtu aulizaye njia: wote umewachora, mimi umeniacha wapi?

Majirani wakamleta Bi Chausiku, mganga wa Kizaramo kutoka Mtoni. Alifukiza ubani na kusoma hadi alasiri, lakini Eufrazia alizidi kutapika maji ya mto. Mwishowe mganga akakiweka chetezo chini.

"Mwanangu, huyu si wa kufukuzwa. Ana haki yake. Wamjua?"

"Mke wangu, bibi. Alizama."

"Alizama tu?"

Albano aliangalia miguu yake. "Alinishika shingo. Tulikuwa tunazama wote. Nikambandua vidole, kimoja kimoja."

"Basi chora hivyo hivyo."

Akachora: uso wa mwanamke juu ya maji, vidole vyake, na mkono wa mwanamume ukivibandua. Alipomaliza ukucha wa mwisho, Eufrazia alishusha pumzi ndefu, akalala mkekani. Harufu ya tope ikatoweka.

"Amekwenda," alisema Bi Chausiku, akajitanda kanga, akaondoka.

Asubuhi Eufrazia aliamka mzima, akanywa uji. Albano alikuwa amesimama mlangoni, amembeba Jovina, binti yao wa miezi minane. Eufrazia aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mkono huu ni wako?"

"Ni wangu."

Eufrazia alikuja mlangoni, akamtoa mtoto mikononi mwa baba yake, akambeba mgongoni, akalikaza fundo la mbeleko mara mbili.