Kilo Sabini za Kaarina

Wiki ile theluji inapogeuka tope, Tampere nzima, hapa Finland, hukumbuka kwa mpigo kwamba ni wakati wa kuvua tairi za baridi, na katika karakana ya mtaa wa Hervanta hapabaki pa kuweka mguu. Watu wamejaa vitini, wanakunywa kahawa, hawasemeshani, kama kawaida yetu. Jouni Mäkelä, mpishi wa shule, aliingia kinyumenyume akikung'uta mwavuli, akamgonga fundi aliyebeba tairi.

"Ebo! Una macho mgongoni, bwana?"

Jouni akageuka. Kumbe fundi ni mwanamke: ovaroli la buluu lililokunjwa mikono, nywele nyekundu chini ya kitambaa cha njano, doa la grisi juu ya nyusi. Akasahau kilichomleta.

"Samahani. Gari langu... nilitumbukia shimoni. Sasa linavuta kulia."

"Nani hajatumbukia mwaka huu? Unahitaji alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Lete ufunguo. Mimi naitwa Outi."

Outi alilipandisha kwenye mashine lile gari dogo, jekundu, kuukuu. Akapima upepo. Akatikisa kila gurudumu kwa mikono miwili kusikiliza kama kuna kinachocheza, kisha akafunga vipimo kwenye magurudumu yote manne. Akalisukuma mbele kidogo, akalirudisha, na tarakimu zikawaka nyekundu kwenye skrini. Akainamia magurudumu ya nyuma. Wateja wengine walikaa na kahawa yao. Jouni alisimama palepale, anatazama, na usidhani alikuwa anatazama gari.

"Mbona unaanza nyuma? Si usukani uko mbele?"

"Ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Ukianza na ya mbele unajidanganya tu." Outi akajifuta mikono. "Haya, niambie. Kawaida kuna mtu kando yako?"

Sikiliza vizuri hapa, maana balaa lote lilianzia hapa. Magari mepesi ya zamani kama lile, Outi huyapanga yakiwa na uzito wake wa kila siku. Huweka mifuko ya mchanga vitini mahali pa watu. Lilikuwa swali la kazi, ingawa moyo ulimdunda kidogo alipouliza. Lakini Jouni alilisikia kwa sauti ya mama yake, ambaye kila Jumapili hupiga simu kutoka Kuopio: "Mwanangu, kuna mtu?" Naye, ili apumzike, hujibu vilevile kila mara. Ulimi ukaponyoka.

"Yupo, yupo."

"Ana kilo ngapi?"

Jouni akachanganyikiwa. Swali gani hilo? "Kilo? Sijui... sabini hivi."

"Hongera zake," akasema Outi, akabwaga mifuko ya kilo sabini kwenye kiti cha abiria kwa kishindo ambacho kazi haikukihitaji.

Alipoona mchanga ndipo Jouni alipoelewa. Lakini mtu anaanzia wapi? Aseme, samahani fundi, huyo mtu hayupo, mbele ya ukumbi mzima uliokaa kimya hivi? Aibu ikamshinda. Outi akaweka usukani sawa, akaufunga usicheze, akamaliza ya nyuma, akaingia chini ya gari kwa mbele. Akalegeza nati, akazungusha vyuma vya usukani kidogo kidogo mpaka nyekundu ikawa kijani.

Kesho yake simu ikalia karakanani.

"Ni Jouni. Wa gari jekundu. Sasa linavuta kushoto."

"Kushoto? Haliwezi."

"Linaweza, na linafanya hivyo."

"Huyo wako naye anasemaje?"

"Nani?"

"Wa kilo sabini, bwana! Umeshamsahau?"

"Aa! Yeye... hasemi kitu."

"Anaitwa nani huyo mpole?"

Jouni akatupa macho jikoni. Msimamizi wake, bibi anayekaribia kustaafu, alikuwa akikoroga uji. "Kaarina."

"Jina zuri," akasema Outi, akakata simu, kisha akajichukia. Mtu ana mtu wake, wewe wivu wa nini?

Gari likaletwa. Outi akapanga mifuko, akapima: kijani tupu. Jouni akaondoka nalo, likavuta kushoto. Akalirudisha. Kijani tena. Outi hajawahi kushindwa na gari, akaanza kushuku mashine, macho yake, hata akili zake. Jouni naye sababu aliijua nusu, lakini kila safari ya karakana alipata dakika zake za kutazama kile kitambaa cha njano, basi akanyamaza.

Siku moja kabla ya Vappu, sikukuu ya Mei Mosi, wanafunzi wamejaa mitaani na kofia zao nyeupe, akaja tena. Safari hii alikuwa na mfuko wa maandazi ya sikukuu, ameyakaanga mwenyewe.

"Leo silipandishi kwenye mashine," akasema Outi. "Twende barabarani nikalisikie."

Akakaa kando yake. Kwenye barabara tupu ya nyuma ya viwanda akamwambia alegeze usukani. Gari likaenda limenyooka kabisa.

"Unanifanyia mzaha?"

"Wallahi... yaani, sielewi. Asubuhi lilivuta."

"Simama." Outi akashuka. "Nenda peke yako mpaka kituo cha basi, urudi."

Gari likaondoka likiegemea kushoto, taratibu, mtu asingekosa kuliona. Liliporudi Outi alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Jouni. Kaarina huwa anakaa wapi?"

Jouni akazima injini. Mvua ikaanza kunyunya.

"Kaarina ni bosi wangu jikoni, bibi mtu mzima," akasema Jouni hatimaye. "Hajawahi kupanda gari langu. Hakuna aliyewahi kupanda. Nilidhani unaniuliza kama mama anavyoniuliza, nikaona aibu."

"Nimelipima gari hili mara tatu! Nimegombana na mashine! Nimemwonea wivu bibi wa watu!"

"Umeona wivu?"

Outi akawa mwekundu kuliko nywele zake. "Usibadilishe mazungumzo."

"Nimekupenda tangu uliponiuliza kama nina macho mgongoni," akasema Jouni, na kwa Mfini hiyo ni hotuba. "Nilikuwa naogopa litanyooka, nikose sababu ya kuja. Basi, lipange upya. Lipange la mtu mmoja."

Outi akamtazama, akalitazama gari, akazunguka akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda.

"Usiliguse," akasema. "Mimi nina kilo sitini na tisa. Nipe hayo maandazi, nitimize."