Gari la Kurudi

Kila asubuhi Apiyo aliamka kabla ya mama yake mdogo. Alichota maji bombani, akafagia mbele ya duka, akavaa sare, kisha akashika njia ya shule peke yake. Mama yake mdogo, Mama Gladys, alikuwa na duka la vitenge pale Bomani, mjini Tarime. Alikuwa mwanamke mwema, lakini maneno yake yote yaliishia kwa wateja. Jioni alikula kimya, akajinyoosha kwenye kochi, na usingizi ukamchukua huku redio ikiendelea kuzungumza.

Apiyo alikuwa amehamia Tarime mwezi wa kwanza, akaanza darasa la sita. Kabla ya hapo aliishi Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa bibi yake, pamoja na pacha wake, Adongo. Bibi alipoishiwa nguvu, wakubwa wakakaa na kuamua: Adongo abaki kumsaidia, Apiyo aje kulelewa na mama mdogo. Wajaluo wote wanajua kuwa Apiyo ni pacha aliyetangulia kuzaliwa. Kwa hiyo wateja wa kwao walipolisikia jina lake waliuliza, "Na mwenzako yuko wapi?"

"Yuko Migori," Apiyo alijibu. Mteja akatikisa kichwa na kuendelea kuchagua vitenge.

Shuleni hakuna aliyemchokoza. Hakuna aliyemwita pia. Siku ya kwanza alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, niko na swali," kwa lafudhi ya Migori, na darasa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini tangu siku ile alipunguza maneno. Alijiunga na skauti kwa sababu moja tu: nyumba ilikuwa tupu mchana, na mchana wa Bomani ulikuwa mrefu.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, mlezi wa skauti, Mwalimu Mogesi, alichora mstari mrefu ubaoni.

"Tutatembea," alisema. "Ijumaa gari litatushusha Gorong'a. Kila mtu na begi lake mgongoni. Tutavuka daraja la Mto Mara, tutalala kwenye shule moja ng'ambo ya mto, na Jumamosi tutaendelea hadi Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Hatutarudi kwa njia tuliyoendea. Safari ya namna hii inataka magari mawili. Tukikosa gari la kwenda, hatuondoki. Tukikosa gari la kurudi, je?"

"Tutalala huko!" akasema mvulana mmoja mdogo mchangamfu aliyeitwa Mwikwabe, na wote wakacheka.

"Mzee Machage, mzazi mwenzetu, amekubali kutupeleka kwa basi lake dogo la Haisi. Lakini Jumamosi anabeba watu wa harusi. Nani anamfahamu mtu mwenye gari atakayeweza kutuchukua Nyansurura?"

Watoto walitazamana. Apiyo alishangaa kuona mkono wake uko juu.

"Jirani yetu, Mzee Olima, ana basi la Kosta, mwalimu. Huwa anafika mpaka Mugumu, huko Serengeti."

"Vizuri sana. Mwulize kama Jumamosi ana nafasi, uniletee jibu lake."

Walipotoka nje, msichana mmoja aliyeitwa Ghati, ambaye kila mtu alipenda kukaa naye, alimkatia Apiyo nusu ya muhindi wake wa kuchoma. "Kumbe una watu wako hapa mjini! Njoo ukae na sisi."

Jioni ile Apiyo alienda kwa Mzee Olima akakuta geti limefungwa kwa kufuli. Jirani akamwambia kuwa mzee na mkewe wamekwenda msibani Kisumu. Kesho yake alikwenda tena, kufuli likawa palepale. Aliomba simu ya Mama Gladys akapiga. Haikupatikana. Alitaka kumweleza mama mdogo, lakini Mama Gladys alikuwa na haraka ya kwenda Sirari kufuata mzigo, akasema, "Tutaongea nikirudi." Aliporudi alikuwa amechoka.

Siku iliyofuata Mwalimu Mogesi aliuliza mbele ya wote, "Haya Apiyo, Mzee Olima amesemaje?"

Ghati alikuwa ameketi karibu naye, bega kwa bega. Wenzake wote walikuwa wamegeuka kumtazama, wakitabasamu. Neno likamtoka kabla hajalifikiria.

"Amekubali, mwalimu."

Wakapiga makofi. Apiyo alijiambia kwamba si uongo hasa. Kesho atampata mzee, atakubali, na neno litakuwa kweli.

Baada ya vipindi mwalimu alimwita pembeni. "Nimempigia Mzee Olima kwa namba uliyonipa, simpati."

"Yuko ng'ambo, mwalimu. Amezima laini ya huku. Lakini alisema atakuja."

Uongo wa pili ulikuja kuushikilia ule wa kwanza, kama mti unaoegemezwa kwenye ukuta unaotaka kuanguka. Mwalimu akamwamini, akaacha kupiga simu. Apiyo alikwenda kwenye lile geti tena na tena. Alhamisi hakwenda. Alikuwa amechoka kutazama kufuli.

Ijumaa asubuhi Haisi iliwashusha Gorong'a, ikageuza, ikaondoka na vumbi lake. Apiyo aliitazama mpaka ikapotea.

Ilikuwa siku nzuri ya kutembea. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na wimbi ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba. Wachunga ng'ombe waliwapungia mkono. Mwalimu Sarah, aliyefuatana nao kuwaangalia wasichana, alianzisha nyimbo. Ghati hakumwacha Apiyo hata kidogo. Alimsimulia habari za kaka zake, akamkaribisha kwao siku ya Krismasi, akamwuliza Adongo anafananaje.

"Anafanana na mimi. Ila yeye anaongea sana," Apiyo alijibu.

"Na wewe unaongea, ukizoea," Ghati alisema, akamshika mkono.

Apiyo alitaka kulia. Zamani alikuwa mpweke kwa sababu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Sasa alikuwa na watu mbele na nyuma, na jambo moja tu la kusema, na hilo hakuweza kumwambia yeyote. Kadiri walivyomchangamkia ndivyo alivyojiona yuko mbali nao.

Darajani wenzake walisimama kuangalia maji ya Mto Mara, mekundu kwa udongo. "Mguu mmoja Tarime, mmoja Serengeti!" Mwikwabe alipiga kelele, akirukaruka. Apiyo alivuka haraka bila kutazama chini. Kila hatua iliwapeleka mbali na nyumbani, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa hakuna wa kuwarudisha.

Mchana, kwenye mteremko wa mawe, Mwikwabe aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Alijikaza, akasaidiwa na wenzake mpaka kwenye shule walikolala. Lakini asubuhi mguu ulikuwa umevimba kama kiazi kitamu, na alipojaribu kuukanyaga akapiga yowe. Yule mtoto mchangamfu sasa alikuwa akitokwa na machozi.

Mwalimu Mogesi alichuchumaa mbele yake. "Vumilia, mwanangu. Tutakubeba polepole mpaka Nyansurura. Kosta ikifika saa sita tu, tunakupeleka moja kwa moja hospitali Tarime." Kisha akawageukia wengine. "Mwenye kutaka kupiga simu nyumbani apige sasa. Huko mbele mtandao ni wa kubahatisha."

Apiyo alisimama na begi lake mgongoni. Angeweza kunyamaza. Wangefika Nyansurura, wangengoja, na yeye angeshangaa pamoja nao na kusema, "Sijui kwa nini hajafika." Hakuna ambaye angejua. Lakini Mwikwabe alimtazama na kumwuliza, "Apiyo, hiyo Kosta ina viti vya mbele? Nataka ninyooshe mguu."

"Mwalimu," Apiyo alisema. "Mwalimu, hakuna gari."

"Gari gani?"

"La Mzee Olima. Sikumpata. Nilikuta kufuli kila nilipokwenda. Nilisema amekubali, lakini sijaongea naye hata mara moja."

Mtu aliyekuwa akifunga begi aliacha. Mwalimu Mogesi alisimama taratibu, kama mtu aliyeshikwa na maumivu ya mgongo. Hakupiga kelele. Apiyo aliona heri angepiga.

"Ahsante kwa kusema hapa, tukiwa bado na mtandao," alisema hatimaye. Akachukua simu, akapanda kwenye mwamba nyuma ya shule, akaanza kupiga.

Ghati alimtazama Apiyo usoni. "Yaani njia nzima ulikuwa unajua? Nilipokukaribisha Krismasi, ulikuwa unajua?"

Ghati alichukua begi lake akaenda kukaa na wengine.

Mwalimu aliposhuka alieleza mambo yalivyo. Mzee Olima hakupokea simu. Mzee Machage alikuwa na watu wa harusi na alikasirika kwelikweli, lakini aliahidi kwamba akishawashusha atakuja Nyansurura. Haikujulikana saa ngapi. Mwalimu Sarah alipanda bodaboda na Mwikwabe, wakatangulia kwenye zahanati ya Nyansurura. Waliobaki wakaanza kutembea. Apiyo alitembea nyuma kabisa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyegeuka.

Walifika Nyansurura jua likiwa utosini, wakakaa kwenye uwanja wa kanisa. Ng'ombe walipita, vumbi likatulia, wengine wakapita. Karanga zilizungushwa mkono kwa mkono. Zilipofika karibu na Apiyo, aliyezishika alizirudisha alikotoka. Kila mlio wa injini ulipovuma kwa mbali, wote walisimama, kisha wakakaa tena. Wadogo walianza kuuliza kama watalala pale. Apiyo alizisikia sauti zao, akatamani ardhi ipasuke.

Mwalimu Mogesi alikuja kukaa karibu naye.

"Nimewapigia wazazi wote," alisema. "Mama yako mdogo pia. Nilimwambia ukweli."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia kwamba hujampata?"

Apiyo alichora chini kwa kidole. "Walikuwa wameanza kuniita," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa wataacha."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Na mimi nilikosea. Ninawachukua watoto wa watu mpaka ng'ambo ya mto bila kusikia sauti ya dereva kwa sikio langu! Hilo litakuwa langu mbele ya wazazi. Lakini neno ulilosema ni lako, na Jumatatu utalisema mbele ya wenzako wote."

Jua lilikuwa limeanza kuzama Haisi ilipotokea, maua ya harusi bado yakining'inia kwenye kioo cha mbele. Mzee Machage alishuka akiwa na shati jeupe lililolowa jasho.

"Shikamoo," watoto walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, mguu vipi?" alimwuliza Mwikwabe, ambaye alikuwa amerudi kutoka zahanati na bandeji, akambeba mwenyewe mpaka kiti cha mbele. Kisha akampita Apiyo bila kumtazama.

Mama Gladys alikuwa mlangoni walipofika. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, akamwekea maji ya kuoga na chakula, na kwa mara ya kwanza akazima redio. "Siku ile uliyotaka kuniambia jambo," alisema, "lilikuwa ndilo hili?" Apiyo aliitikia kwa kichwa. Mama Gladys akavuta pumzi ndefu. "Basi siku nyingine nivute hata nguo. Nitasikia."

Jumatatu Apiyo alisimama mbele ya skauti wote akasema kila kitu bila kujitetea, akawaomba radhi, Mwikwabe kwanza. Aliporudi kwenye benchi, hakuna aliyesogea. Alibaki amesimama. Mwishowe Ghati akasukuma begi lake pembeni, bila kumtazama. "Bado nimekasirika," alisema. "Lakini kaa."

Jioni ile Mzee Olima, ambaye asubuhi Apiyo aliona geti lake likiwa wazi, alipita dukani, na Mama Gladys akamtaka Apiyo amweleze yaliyotokea. Apiyo alimwamkia, akaeleza. Mzee alishika kidevu.

"Jumamosi? Mimi nilirudi Alhamisi jioni. Jumamosi nilipeleka watu Mugumu, nikarudi mpaka Tarime na gari tupu, simu imelala nyumbani. Viti vyote vitupu! Ningeambiwa mapema, ningekuja kuwachukua."

Mama Gladys alishika mdomo.

"Sikiliza, nyathina," Mzee Olima alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani. "Ulipokuta kufuli hukuwa na kosa lolote. Mwalimu alipouliza, ungesema 'bado,' neno dogo hilo, naye angeendelea kunitafuta mpaka Alhamisi anipate. Ulipomwambia nimekubali, ulimfungia mlango wa kutafuta. Mtu akikutuma kazi hataki umfurahishe, anataka ajue kazi imefika wapi. Rafiki aliyekupenda kwa jambo ambalo hukulifanya, hajakupenda wewe. Atakayekaa na wewe ukisema 'bado,' huyo ndiye wako."

"Nimesikia, mjomba. Nisamehe."

"Yamekwisha. Mwambie mwalimu wako kwamba wakitembea tena nitawachukua, ila anipigie yeye mwenyewe. Umeshamweleza kwamba nimerudi?"

Ndiyo lilikuwa jibu la kufurahisha, na lilikuwa tayari ulimini. Apiyo alilimeza.

"Bado," alisema. "Nitamwambia kesho."